Maganda Niliyoyatupa Nyuma ya Banda

Ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Nimechuchumaa mbele ya kiota, yai limo kiganjani mwangu, na kabla sijasimama limekwisha kuwa maji kati ya vidole. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimejiapiza mbele ya wanakijiji wote kwamba katika mradi wa kuku wa Kakese hakuna kitakachoharibika nikiwa msimamizi. Mwanangu, nianze kwa kukutajia kosa langu bila kulizungusha: nilikuwa nimeacha kuwatazama kuku, nikawa natazama kijiko cha kupimia. Hapana, ngoja niseme sawasawa, maana hapo nimejipamba kidogo. Kosa langu la kwanza ni kwamba yai lile halikuwa la kwanza kupasuka, na yale yaliyolitangulia nilimsingizia mtu.

Usihuzunike mapema. Habari hii inaishia kwa vigelegele. Lakini hutavisikia vizuri usipopita nami kwanza kwenye aibu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumekusanywa kijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari, na kila kijiji kilitakiwa kiwe na mradi wake. Sisi tulipewa kuku wa kizungu. Walikuja kwa treni mpaka Mpanda wakiwa vifaranga, ndani ya maboksi yenye matundu, wanalia kama mvua juu ya bati. Wakikua, mayai yao yangekuwa ya watoto wetu waliodhoofu, na tenga moja kila wiki lingekwenda Majengo, mjini, kwa akina mama waliojifungua pale zahanati. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana.

Nilichaguliwa kuwasimamia kwa sababu nilikuwa najua kusoma na nilikuwa msafi. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne. Mengine nilijifundisha mwenyewe, nikisoma chochote chenye maandishi, hata karatasi za kufungia chumvi dukani. Na kwa kuwa hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba nimepata, nilikuwa na hofu ya kudumu kwamba nimekosa. Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nipime kila kitu. Maji ya kuku nilipima. Pumba nilipima. Nilikuwa na kijiko cha bati kimefungwa kwa kamba kwenye mkanda wa suruali, na watu wakaniita Kijiko. "Kijiko, hujambo? Umeshapima usingizi leo?" Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nasema, subirini.

Unajua jinsi kuku wetu wa kienyeji wanavyoishi. Asubuhi anafunguliwa, anakwenda zake, jioni anarudi. Huko anakozunguka anadonoa wadudu, mifupa iliyotupwa jalalani, jivu, udongo wa kichuguu. Hakuna mtu Kakese aliyewahi kujiuliza kuku anatengeneza ganda la yai kwa kitu gani. Mimi wangu nilikuwa nimewafungia. Sakafu nilikuwa naifagia asubuhi na jioni, na punje ya mchanga nikiiona naiokota. Niliona fahari sana juu ya usafi huo. Sikujua kwamba nilikuwa nafagia nje kila kitu walichokihitaji.

Walipoanza kutaga tulishangilia. Miezi miwili baadaye maganda yakaanza kuwa membamba kama karatasi.

Aliyekuwa anaokota mayai alikuwa Skolastika, mama kijana wa mtoto mmoja, tuliyemwita Skola. Tenga la kwanza la mayai hayo lilifika Majengo nusu limekuwa uji. La pili likafika uji mtupu. Watu walikuwa wamekusanyika ghalani, wananiuliza, na mimi nikaogopa lawama. Nikasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Mikono ya Skola ni ya kupondea karanga, si ya kuokotea mayai."

Watu wakacheka. Skola hakucheka. Kuanzia siku ile watoto wakawa wanamwita Mama Karanga, naye akaondolewa kwenye kazi ya mradi.

Sasa unaelewa ile asubuhi niliyokutajia mwanzo. Skola hayupo. Kiotani niko peke yangu, na mikono ni yangu, iliyonawishwa kwa sabuni. Na yai linapasuka. Likafuata jingine. Jingine lilikuwa halina ganda kabisa, ngozi tu, tepetepe kama kifuko cha maji. Nilitazama huku na huku, nikachimba shimo, nikayafukia. Mwanangu, niliyafukia kwa wiki tatu. Nilikuwa najua kabisa kwamba Skola hana kosa, na sikusema.

Nilikuwa na kijitabu kimoja cha ufugaji nilichopewa na bwana mifugo alipopita. Nilikuwa nimekisoma mpaka mahali panapoeleza banda, nikaacha, kwa kuwa banda langu nililiona halina dosari. Sasa nikakisoma chote, na karibu na mwisho nikakuta kurasa mbili tu: ganda la yai hujengwa kwa chokaa ambayo kuku huipata kwenye chakula. Asipoipata, huichukua kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka miguu inakosa nguvu. Apewe maganda ya konokono au mifupa iliyochomwa.

Niliinuka nikaenda bandani. Kulikuwa na mtetea mmoja mweupe aliyekuwa ameketi kwa siku nne bila kusimama. Nilikuwa nafikiri ni mvivu. Nilimwinua, nikamgusa miguu, na sikuweza kumtazama usoni. Alikuwa amenitagia mayai kwa mifupa yake.

Basi, nikapata nguvu mpya. Dereva wa lori la samaki aliyekuwa anakwenda Karema, kule ziwani, nilimwomba aniletee gunia la maganda ya konokono, yale yanayotupwa na mawimbi ufukweni. Akaniletea, kisha akaniuliza kama nimeanza kula konokono. Niliyatwanga kwenye kinu siku mbili. Niliyachekecha mara ya kwanza, nikaona bado. Mara ya pili. Mara ya tatu nikachekecha kwa kitambaa, nikapata unga laini kama poda ya mtoto mchanga. Yale makapi yaliyokataa kupita, vipande vipande, niliyamwaga nyuma ya banda. Ule unga nikauchanganya kwenye pumba za kuku wote, kijiko kwa kijiko. Kijitabu kilitaja kipimo. Mimi nikaweka mara mbili yake, kwa kuwa nilitaka wapone haraka na wapone kabisa.

Kuku wakaja mbio, wakadonoa, wakapiga chafya. Wakatikisa vichwa. Wakaondoka. Kesho yake nikaongeza unga, nikidhani hawajauzoea. Siku ya nne walikuwa wanakula nusu ya chakula chao, wanaharisha maji meupe, na mayai yakapungua. Yale machache yaliyopatikana bado yalikuwa yanavunjika.

Hapo ndipo mkutano wa kijiji ukaitishwa.

Ilikuwa Kwaresma, zimebaki wiki mbili Pasaka ifike, na Kakese nzima ilikuwa imechoshwa na maharage. Mwenyekiti wetu, Mzee Lusambo, alikuwa mtu mnene mwenye koti la kaki ambalo hakulivua hata jua la saa saba. Alisimama akakohoa.

"Ndugu zangu, kuku hawa wamekula mahindi yetu tangu wakiwa wadogo kama ndimu. Mayai tunayasikia tu kama habari za redioni. Mimi nasema hivi: Jumamosi Kuu, tenga moja liende Majengo. Likifika zima, kuku wanaishi. Likifika uji, jioni hiyohiyo tunawachinja wote, Pasaka tunafuturu nao."

Makofi, mwanangu. Makofi kama ya harusi.

"Mimi yule mwekundu mwenye kilemba, msimguse!" akasema mzee mmoja nyuma.

"Mimi mapaja tu, sina tamaa."

"Na Kijiko tutambakizia shingo, apime!"

Nilitembea kurudi bandani nikiwa nasikia vicheko mgongoni. Kuku wale nilikuwa nimewalea tangu boksini. Zaidi ya hapo, ule mradi ulikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho watu walinikabidhi na kuniambia, hiki ni chako. Mradi ukifa, nitarudi kuwa kijana wa darasa la nne anayesoma karatasi za chumvi.

Siku mbili baadaye, alasiri, nilisikia hodi. Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja mfupi, kanga imefungwa kifuani, miguu ina tope mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Wewe ndiye Kijiko?"

"Wananiita hivyo, bibi."

"Mimi bibi yake Skola. Nimetoka Karema, siku mbili juu ya magunia ya samaki, lori linakwama tunashuka, linakwamuka tunapanda. Nimekuja kuitazama mikono ya mjukuu wangu. Nimeigeuza huku, nimeigeuza huku. Karanga sijaziona."

 Jina lake lilikuwa Anastazia, na tangu dakika ile hadi alipofariki miaka mingi baadaye, aliniita mume wangu, kama bibi zetu wanavyotutania, na kila mara nilihisi kama nimeitwa barazani.

Hakusubiri kukaribishwa. Aliingia bandani, akachota pumba kwa vidole viwili, akaonja, akatema.

"Hii unalisha au unapaka ukuta?"

"Ni maganda ya konokono, bibi. Ya kwenu Karema. Nimeyatwanga, nikayachekecha mara tatu."

"Mara tatu! Na yaliyobaki juu ya chekeche?"

"Makapi? Niliyatupa."

"Wapi?"

"Nyuma ya banda."

"Twende."

Jua lilikuwa limeanza kuinama, kama saa kumi na moja hivi. Nyuma ya banda tuliwakuta kuku wa majirani, wale wa kienyeji, wamejazana juu ya yale makapi. Nilikuwa nawafukuza kila jioni kwa fimbo, nikiamini wanakuja kuniletea magonjwa. Niliinua mkono niwafukuze tena. Bibi akanishika kiwiko.

"Tulia. Kwa mara moja tu katika maisha yako, tulia. Tazama nani anakula."

Nikatazama. Mitetea watatu walikuwa wanadonoa vipande vya maganda, wanachagua, wanameza, wanachagua tena. Jogoo alipita katikati yao, akaparura, akaenda zake. Vifaranga wakubwa walidonoa kimoja, wakakiacha.

"Jogoo mbona hali?" akaniuliza.

"Sijui, bibi."

"Atayafanyia nini? Anataga?"

Alicheka mwenyewe mpaka akashika kiuno. Kisha akakaa juu ya jiwe na kunieleza, bila haraka, kama anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Marehemu mume wake alikuwa mchoma chokaa, akikusanya maganda ya konokono ufukweni na kuyachoma tanuruni ili watu wapake nyumba. Miaka yote hiyo, kila jioni, kuku wake yeye Anastazia walikuwa wanapanda juu ya chungu ya maganda kabla ya kwenda kulala. Mayai yao ungeweza kuyagonga mezani. Na kila alipochinja kuku mwenye kutaga na kupasua firigisi, alikuta vipande vya maganda bado vimo, vimeanza kulainika pembeni.

"Kuku anajenga ganda akiwa amelala," akasema. "Kipande kikubwa kinakaa kwenye firigisi, kinasagika polepole usiku kucha, anakitumia. Huo unga wako unapita mbio kama maji ya mfereji. Ulichokitupa ndicho walichokitaka, mume wangu. Tena umewalisha wote kama wafungwa, kila mdomo kijiko kilekile. Hukuwauliza."

"Kuku anaulizwaje, bibi?"

"Unamwekea pembeni, kwenye chombo chake, unanyamaza. Akihitaji atakula. Asipohitaji atapita."

Nilidhani amemaliza. Alikuwa anafuta tope mguuni kwa jani. Akasema bila kuniangalia:

"Na mjukuu wangu naye hukumuuliza. Yai limevunjika, wewe ukatazama mkono. Yai lenyewe hukulitazama."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi baada ya hapo, wengine wakipiga meza. Hakuna aliyenifikia kama bibi yule aliyekuwa anafuta tope.

Nilipiga magoti nyuma ya banda nikaokota makapi yangu mwenyewe, kipande kwa kipande, nikishindana na kuku wa majirani. Niliyaosha. Yaliyokuwa makubwa niliyavunja yawe kama punje ya mtama, mengine kama nusu ya punje ya hindi. Pumba zenye unga niliziondoa zote, nikaweka pumba safi. Maganda nikayatia kwenye sufuria kuukuu lisilo na mpini, nikaliweka kwenye kona ya banda jioni, na Bibi Anastazia akaketi mlangoni juu ya gunia kunilinda mimi, si kuku.

Jioni ya kwanza walikula wawili tu.  Nilinyoosha mkono nichote kidogo, nikachanganye kwenye chakula, kidogo tu.

"Rudisha mkono," akasema bibi.

Jioni ya pili wakala labda kumi. Nilikuwa naona siku zinakimbia, namwona Mzee Lusambo na kisu chake, na mkono unaniwasha. "Rudisha mkono, nimekuona." Jioni ya tatu wakasukumana pale kwenye sufuria mpaka likapinduka. Yule mtetea mweupe aliyekuwa haendi, niliyekuwa namwekea chakula na maganda mbele ya mdomo, alikula maganda kwanza ndipo akagusa pumba. Hakuna aliyemfundisha.

Siku ya sita niliokota mayai mawili, moja mkono huu, jingine mkono huu. Kwa bahati yakagongana. Yakasema ko.

Nilisimama pale. Nikayagonganisha tena, kwa makusudi safari hii, taratibu. Ko, ko. Nilikaa chini kwenye sakafu niliyokuwa nimeacha kuifagia kwa siku sita, nikalia kwa furaha, na kuku wakanizunguka wakidonoa vifungo vya shati langu.

Jioni ile nilikwenda kwa Skola. Alikuwa anakoboa mahindi, mtoto mgongoni. Nilimwambia kila kitu, ya shimo nayo, na mayai niliyoyafukia. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapumzisha mchi.

"Kunisema ulinisema mbele ya watu," akasema. "Hapa tupo wawili na mbuzi."

Alikuwa na haki. Na nitakuambia ukweli: niliogopa sentensi ile kuliko nilivyoogopa kisu cha mwenyekiti. Nilirudi nyumbani nikijaribu kutafuta njia ya kukwepa, na sikuipata.

Jumamosi Kuu ikafika, mawingu yamejaa. Watu walikusanyika mbele ya banda na masufuria yao. Siongezi chumvi, walikuja na masufuria. Mzee aliyemtaka kuku mwenye kilemba alikuwa amekuja hata na kamba ya kumfungia. Mzee Lusambo alikuwa amechomeka kisu mkandani, chini ya koti.

Tenga lilikuwa tayari, mayai yamepangwa ndani ya nyasi kavu. Nilisimama mbele yake. 

"Ndugu Mwenyekiti, kabla tenga halijaondoka nina neno. Mayai yaliyokuwa yanavunjika hayakuvunjwa na Skola. Yalikuwa dhaifu tangu tumboni mwa kuku, kwa kuwa mimi sikuwapa chakula cha kujengea ganda. Alipoondoka yaliendelea kuvunjika mikononi mwangu. Niliyafukia nyuma ya choo nikanyamaza. Nilimsingizia. Skola, nisamehe. Na naomba yeye ndiye abebe tenga."

  Kisha Skola akatoka katikati ya akina mama. Alinyoosha viganja vyake mbele ya watu, akavigeuza, akavitazama.

"Na nikiangusha makusudi?" akaniuliza.

"Ukiangusha, nitasema niliangusha mimi."

Akina mama wakapiga kelele za kicheko. Mmoja akamsukuma Skola begani: "Chukua mwenzangu, kabla hajabadili!" Skola akazungusha kata ya kanga kichwani, tukamtwisha, safari ikaanza.

Ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa mguu mpaka Majengo, na mvua za wiki ile zilikuwa zimeigeuza barabara kuwa utelezi mtupu. Mzee Lusambo alifuata ili awe shahidi, kisu mkandani, na nyuma yake watu kama kumi waliotaka kuona kwa macho. Bibi Anastazia alikataa kubaki. Mimi nilitembea ubavuni mwa Skola mikono imenyooshwa, kama mtu anayemfundisha mtoto kusimama, mpaka akaniambia niondoe mikono yangu, inamtia wasiwasi.

Kwenye kijito, pale palipolazwa magogo, mguu wake ukateleza. Alikwenda chini kwa goti moja, puu, tenga likaruka juu ya kata na kutua, na ndani yake nikasikia mayai yote yanagongana kwa pamoja. Nilifumba macho. Niseme nini? Nilifumba macho, nikaona Pasaka ya Kakese yote, na mapaja, na shingo yangu ya kupima.

"Fumbua macho, Kijiko," Skola akasema. Alikuwa ameshasimama, maji yanamchuruzika gotini. "Yanasalimiana tu."

Pale zahanati, muuguzi alitoa mayai moja baada ya jingine, akiyapanga kwenye beseni.  Nilikuwa nasubiri lenye ufa. Lilitoka la mwisho, na lenyewe zima. Muuguzi akainua macho akashangaa kuona watu wazima kumi na wanne, wamejaa tope, wanamkodolea kama amejifungua yeye.

Mzee Lusambo hakuridhika. Akachukua yai moja, akaligonga kwa mpini wa kisu. Halikuvunjika. Akagonga tena. Halikuvunjika. Akakunja uso, akagonga kwa nguvu, likapasuka na kumrukia kwenye koti, kuanzia kola mpaka kifungo cha tatu.

"Limevunjika moja!" akatangaza.

"Umelivunja mwenyewe, Mwenyekiti!" tukajibu wote, na muuguzi naye, na wale akina mama vitandani na watoto wao wachanga wakicheka huku wameshika matumbo. Mzee Lusambo alijitazama lile koti. Kisha akaanza kucheka yeye mwenyewe, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko chetu sote.

Tuliingia Kakese tukiimba. Vigelegele tulivisikia kabla hatujaziona nyumba, kwa kuwa mmoja wetu alikuwa ametangulia mbio. Waliokuja na masufuria hawakurudi nayo matupu: mayai ya siku ile yaliyobaki bandani yaligawiwa, yakachemshwa, na Pasaka tukala mayai na wali wa mchele wa Mpimbwe. Mzee wa kamba alimkodolea macho yule kuku mwekundu, akasema basi, amemsamehe. Jumatatu yake Skola alirudi kazini, na alinituma mimi niokote mayai ya viota vya chini, vyenye kuumiza mgongo. Nikayaokota.

Basi nikuachie haya, mwanangu. Ukifuga kuku wa mayai, wawekee maganda ya konokono, au mifupa iliyochomwa ikavunjwavunjwa, kwenye chombo chake peke yake. Yawe vipande, usiyasage yakawa vumbi. Weka jioni, kabla hawajapanda kulala. Usiwachanganyie kwa nguvu, na vifaranga ambao hawajaanza kutaga usiwalazimishe, utawaumiza. Kila kuku anajua upungufu wake kuliko kijitabu, na kijitabu nacho kisome mpaka mwisho. Na kitu kikivunjika mkononi mwa mwenzako, kitazame kile kitu kabla hujatazama mkono. Kama umekwisha kumsingizia, nenda ukaseme, na ukaseme mahali palepale ulipomsemea, mbele ya wale wale waliocheka. Utaogopa. Nenda hivyohivyo. Mimi nilidhani siku nitakayokiri nitakuwa nimekwisha, kumbe ndiyo siku niliyoshinda.

Mungu akupe mikono yenye utulivu na macho yenye subira. Akupe na mtu wa kukaa mlangoni mwako na kukuambia urudishe mkono. Kazi yako isimame imara, na siku utakayokosea, asikose mtu wa kukusamehe mchana kweupe.

Mimi zamani nilikuwa naamua kwanza, ndipo natazama. Siku hizi natazama kwanza.